Aljebra ya Namba Zisizo Nzuri: Teknolojia Inavyobadilisha Swali Lenyewe

Fungua kitabu chochote cha aljebra cha mwaka wa kwanza wa chuo, kisha nenda moja kwa moja kwenye kurasa za majibu. x = 3. x = −2. x = 1 au x = 5. Hapa na pale utakuta nusu au theluthi, labda na kipeuo cha pili cha 2 kwa wenye moyo mgumu. Namba kama 0.0128 au 94,559.6 huzioni. Yeyote aliyewahi kupima kitu, uwe uzito wa mtoto, kina cha maji au mwendo wa gari, anajua kwamba namba za vipimo hazina adabu kiasi hicho.

Unadhifu huo una sababu. Maswali yalichaguliwa kwa kigezo kimoja: je, jibu litapatikana kwa kalamu na karatasi kabla kipindi hakijaisha? Mlinganyo x² − 5x + 6 = 0 umeingia kitabuni kwa kuwa unagawanyika vizuri kuwa (x − 2)(x − 3). Hakuna mtu popote aliyekuwa akiuhitaji. Chujio hilo limefanya kazi kwa vizazi, na kilichobaki ndani yake ni maswali yanayotatulika kwa mkono lakini hayamhusu mtu. Ndiyo maana mwanafunzi akiuliza "hii nitaitumia wapi?" mwalimu hubabaika. Mwanafunzi huyo si mvivu wala mkaidi. Ameona kitu cha kweli.

Watu wengi wakisikia "teknolojia darasani" hufikiria video, michoro ya rangi na mashindano ya alama kwenye simu. Hayo humchangamsha mwanafunzi kwa dakika kumi, kisha usingizi unarudi. Mlinganyo usio na maana ubaoni haupati maana kwa kuhamishiwa kwenye skrini. Faida kubwa ya kompyuta katika somo hili iko kwingine: kompyuta haichagui namba. Kwake 5 na 0.0128 ni kitu kimoja. Kazi ya kukokotoa ikishatoka mikononi mwa mwanafunzi, lile chujio halina tena sababu ya kuwapo, na maswali yaliyotupwa nje yanaweza kurudi darasani.

Somo lilipotoka

Aljebra ilipozaliwa ilikuwa na wateja wake. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 9, alisema wazi kwamba anawaandikia watu kwa ajili ya mahitaji yao ya mirathi, wasia, kesi, biashara na upimaji wa ardhi. Sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za wasia na mirathi: mtu amekufa, ameacha warithi kadhaa wenye mafungu tofauti, na ameagiza kiasi fulani apewe mtu wa nje. Nani apate nini? Msomaji wa al-Khwarizmi hakuwa na haja ya kuuliza atatumia wapi.

Somo tunaloliita leo aljebra ya chuo lina ukoo mwingine. Marekani, ambako limeenea sana, lilipangwa kama ngazi ya kupandia kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, na kila mada iliwekwa kwa sababu kalkulasi itakuja kuihitaji. Tatizo ni kwamba wengi wanaolisoma hawafiki huko. Wako kwenye biashara, uuguzi, ualimu au sayansi ya jamii, na kwao hili huwa somo la mwisho la hisabati maishani. Wamepandishwa ngazi isiyo na ghorofa. Mwaka 2007 chama cha Mathematical Association of America kilipitisha mwongozo uliotaka uzito wa somo uhame, kutoka kwenye mbinu za kukokotoa kwenda kwenye kuunda modeli za hali halisi, kusoma takwimu, kueleza matokeo na kutumia teknolojia ipasavyo.

Vifaa vyenyewe si vipya. Kikokotoo cha kisayansi cha mfukoni, HP-35, kilitoka 1972. Lahajedwali (programu ya majedwali yanayojikokotoa yenyewe) ya kwanza iliyoenea kwenye kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka 1979. Kikokotoo cha Casio fx-7000G, chenye uwezo wa kuchora grafu, kilifika 1985. Kisha zikaja programu za kuchora grafu: Markus Hohenwarter alianza kuunda GeoGebra mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Salzburg, na Desmos ikaanza 2011. Hivi viwili vya mwisho vinafunguka kwenye simu, na mwanafunzi halipi chochote. Kwa hiyo sioni sababu ya kusema tunasubiri teknolojia. Maswali ndiyo yaliyochelewa.

Deni, safu kwa safu

Chukua mkopo wa milioni moja, kwa sarafu yoyote. Riba ni asilimia 2 kwa mwezi, inatozwa kwenye salio, na deni liishe kwa malipo 12 yaliyo sawa. Kila mwezi ulipwe kiasi gani?

Kuna kanuni ya jambo hili, na vitabu huitoa ikiwa imeshakamilika. Nadhani huko ndiko kuliharibu swali. Afadhali mwanafunzi aanze na lahajedwali tupu, aandike safu moja tu: salio la mwezi ujao ni salio la sasa mara 1.02, ukiondoa malipo. Aiburute safu hiyo chini mara kumi na mbili. Malipo yenyewe ayaweke kwenye kisanduku kimoja pembeni, ili akiyabadilisha jedwali lote libadilike. Hapo ameshaandika aljebra bila kuambiwa kuwa anaandika aljebra, maana kile kisanduku cha pembeni ndicho herufi M tuliyozoea kumwandikia ubaoni.

Sasa abahatishe. Akiweka 90,000, mwisho wa mwaka salio linabaki 61,154. Akiweka 95,000, salio linakuwa −5,907, yaani amelipa kupita kiasi. Wengi wataendelea kubahatisha: 94,000, 94,500, 94,600. Waache kidogo, kisha wachore majaribio yao kwenye grafu, malipo upande wa chini na salio la mwisho upande wa juu. Nukta zote zitakaa kwenye mstari mmoja mnyoofu. Kumbe majaribio mawili ya kwanza yalitosha: unganisha nukta mbili, tazama mstari unapokata sifuri, jibu ni 94,559.6. Wanahisabati wa zama za kati waliijua njia hii ya makosa mawili na waliitumia hata pale ambapo hawakuandika herufi yoyote.

Utamu wenyewe uko kwenye mteremko wa mstari huo. Kila ukiongeza 1 kwenye malipo ya mwezi, salio la mwisho linapungua kwa 13.41. Kwa nini lisipungue kwa 12, wakati miezi ni kumi na miwili? Kwa sababu kilicholipwa mwezi wa kwanza kinakuokoa pia kwenye riba ya miezi kumi na mmoja iliyobaki, kilicholipwa mwezi wa pili kinakuokoa kwenye riba ya kumi, na kadhalika. Mwanafunzi anayeweza kueleza 13.41 kwa maneno yake ameelewa mteremko ni nini. Yule aliyekariri "tofauti ya y gawanya kwa tofauti ya x" akapata alama zote bado hatujui ameelewa nini.

Hapo ndipo kanuni inaweza kuletwa, M = D × r ÷ (1 − (1 + r)⁻ⁿ), ambapo D ni deni, r ni riba ya mwezi na n ni idadi ya malipo, na itapokelewa kama kifupi cha kitu kilichokwisha kufanyika kwa mkono.

Halafu swali gumu kidogo. Mkopeshaji wa pili naye anatangaza asilimia 2 kwa mwezi, ila yeye anaitoza kwenye deni la mwanzo, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Riba yake yote ni 240,000, na malipo ya mwezi ni 103,333. Ingekuwa riba inatozwa kwenye salio kama kwa yule wa kwanza, asilimia hizi 2 zake zingekuwa asilimia ngapi?

Jaribu kutatua r kwenye kanuni ile kwa kalamu. Haitoki. Herufi r iko juu ya mstari wa kugawanya, iko chini, tena ndani ya mabano yenye kipeo, na hakuna hatua za kawaida za aljebra zitakazoiweka peke yake upande mmoja. Hili ni swali ambalo chujio la zamani lingelitupa bila huruma, ingawa ni swali ambalo mtu mzima yeyote anayekopa anastahili kujua jibu lake. Kwa grafu ni kazi ndogo: chora malipo yanavyobadilika kulingana na r, chora mstari wa kulala kwenye 103,333, soma vinapokutana. Kwa asilimia 3 malipo yangekuwa 100,462, kwa asilimia 4 yangekuwa 106,552, na makutano yako karibu na asilimia 3.5. Tangazo moja, asilimia ile ile, na gharama iliyo karibu mara mbili.

Sijui somo lingine la chuo ambalo kwa saa moja linaweza kumpa mwanafunzi kitu cha kutumia maisha yake yote kama hili.

Watu wa dunia na mstari unaodanganya

Mikopo ina kanuni inayojulikana. Takwimu hazina. Mwanafunzi anapopewa takwimu analazimika kuchagua umbo la kanuni yeye mwenyewe, na uchaguzi huo haumo kabisa kwenye vitabu vya zamani, kwa kuwa kila swali lilikuja na umbo lake juu ya kichwa cha sura: hii ni sura ya mstari, hii ya parabola, hii ya kipeo.

Idadi ya watu duniani ilifika bilioni 3 takriban 1960, bilioni 4 mwaka 1974, 5 mwaka 1987, 6 mwaka 1999, 7 mwaka 2011 na 8 mwaka 2022. Nukta sita. Uliza darasa: zinafuata kanuni gani? Karibu wote watajibu kwamba ni ukuaji wa kipeo, ule wa kuzidishana, kwa sababu walifundishwa kuwa watu huongezeka hivyo.

Basi wajaribu. Kutoka 1960 hadi 1974 idadi iliongezeka mara 4/3 kwa miaka 14. Kanuni ni 3 × (4/3) kwa kipeo cha t/14, ambapo t ni miaka tangu 1960. Iulize kanuni hiyo kuhusu 2022 nayo itakupa bilioni 10.7. Ukweli ni 8. Kanuni imezidisha watu bilioni 2.7, na mwaka 1974 haikuonyesha dalili yoyote ya kuwa mbaya.

Sasa wachore mstari mnyoofu kutoka 1974 hadi 2022. Unapanda bilioni 4 kwa miaka 48, yaani takriban milioni 83 kwa mwaka. Kwa 1987 unatoa 5.08, kwa 1999 unatoa 6.08, kwa 2011 unatoa 7.08. Ni karibu mno na ukweli. Kwa nusu karne dunia imekuwa ikiongeza karibu idadi ile ile ya watu kila mwaka, kwa hiyo asilimia ya ukuaji imekuwa ikishuka muda wote huo. Darasa litashangaa, na lina haki.

Lakini usiwaache wafurahie mstari kwa muda mrefu. Urudishe nyuma. Mstari huo unakata sifuri mwaka 1926. Kwa mujibu wake, mwaka ule hapakuwa na mtu hata mmoja duniani, ilhali mwaka mmoja baadaye idadi ya kweli ilikuwa imefika bilioni 2. Urefushe mbele hadi 2084 nao unakupa zaidi ya bilioni 13, wakati makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yanasema idadi itafika kilele cha bilioni 10.3 hivi katikati ya miaka ya 2080 kisha ianze kupungua. Kila kanuni ina eneo lake la kutumika. Vitabu huliita jambo hili kwa jina zito na kulifundisha kwa kuuliza ni x ipi inayofanya chini ya sehemu kuwe na sifuri. Mwaka 1926 usio na watu unalieleza vizuri zaidi.

Kuna hatua moja zaidi, na bila kompyuta isingewezekana darasani. Programu nyingi zina kitufe cha kutafuta kanuni inayokaa vizuri kwenye nukta. Ukichagua polinomia ya daraja la tano, yaani kanuni yenye t hadi kipeo cha tano, itapita katikati ya nukta zote sita bila kukosea hata kidogo, na programu itakupongeza kwa kuandika kuwa ulinganifu ni asilimia 100. Wanafunzi huipenda papo hapo. Basi waiulize kuhusu 2050: itasema karibu bilioni 15. Waiulize kuhusu 2100: zaidi ya bilioni 130. Kanuni iliyokubaliana kikamilifu na yaliyopita haijui chochote kuhusu yajayo. Namba nyingi za kurekebisha ndani yake zimeipa uhuru wa kujipinda popote nukta zilipo, na nje ya nukta uhuru ule ule unaipeleka itakako.

Mzizi wa pili

Kuna mada moja ambayo wanafunzi huichukia kuliko zote, nayo ni ile kanuni ndefu ya milinganyo ya kipeo cha pili, yenye kipeuo katikati na alama ya kujumlisha-au-kutoa. Huwa inatoa majibu mawili, yanayoitwa mizizi ya mlinganyo, na mwanafunzi huambiwa "litupe lile hasi" bila kujua kwa nini.

Tangu 1958 kiasi cha hewa ya ukaa angani kimekuwa kikipimwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, kazi iliyoanzishwa na mkemia Charles David Keeling. Vipimo hivyo viko wazi kwenye intaneti kwa yeyote. Wastani wa mwaka ulikuwa takriban sehemu 317 kwa milioni mwaka 1960, 354 mwaka 1990, na 414 mwaka 2020. Miaka thelathini ya kwanza iliongeza 37, thelathini iliyofuata ikaongeza 60. Mstari mnyoofu hauwezi, kwa sababu ongezeko lenyewe linaongezeka. Parabola inaweza.

Namba tatu, milinganyo mitatu, herufi tatu za kutafuta. Mada ya milinganyo ya pamoja, ambayo kwa kawaida hukaa sura yake mbali na hii, imeingia yenyewe kwa kuwa imehitajika. Ukihesabu t kuanzia 1960, matokeo ni takriban 0.0128t² + 0.85t + 317. Iulize kuhusu 2024, mwaka usiokuwa miongoni mwa zile nukta tatu: inatoa karibu 424, na wastani uliopimwa mwaka ule ulikuwa hapo hapo. Mwanafunzi aliyeiunda kanuni hiyo kwa mikono yake mara nyingi hukaa kimya kidogo hapa.

Kisha: kama mwendo ni huu huu, kiasi kitafika 450 lini? Ndiyo, ni ile kanuni inayochukiwa. Inatoa t = 74 na t = −141. Ya kwanza ni mwaka 2034. Ya pili ni takriban 1819, mwaka ambao kiasi halisi kilikuwa chini ya 300, kama inavyoonekana kwenye hewa iliyonaswa ndani ya barafu ya kale. Parabola ina mikono miwili, mmoja tu unahusu dunia yetu, na ule wa pili ulikuja kwa sababu ya umbo. Sasa mzizi wa pili unatupwa kwa hoja, na mwanafunzi ndiye anayeutupa. (Vipimo vya kila mwezi vina jambo jingine la kuvutia: vinapanda na kushuka kila mwaka, mimea inapochipua na kupukutika. Ila hilo lisubiri somo la pembetatu.)

Vitelezi, kwa kifupi

GeoGebra na Desmos zina vitelezi: unasogeza kidole, namba mbele ya x² inabadilika, parabola inafunguka, inabana, inageuka kichwa chini. Ni kitu kizuri na kina sifa nyingi kuliko kinavyostahili. Mwanafunzi anaweza kusogeza kitelezi kwa robo saa akifurahia mchoro na asijifunze chochote. Kinafaa kikitanguliwa na utabiri: andika kwanza unadhani nini kitatokea, ndipo usogeze. Bila utabiri ni mchezo wa macho.

Skrini nayo ina hila zake. Dirisha la kawaida la programu nyingi huanzia −10 hadi 10. Ukiandika kanuni ya mkopo wa milioni moja hapo, utaona skrini tupu na utadhani umekosea. Kuchagua kipimo cha kila mhimili ni kazi ya kufikiri, inakulazimu ujue jibu lina ukubwa gani kabla hujaliona.

Simu inayotatua kila kitu

Tangu 2014 kuna programu ya Photomath, ambayo unaielekeza kamera kwenye mlinganyo ikakupa jibu pamoja na hatua. Tangu Novemba 2022, ilipotoka ChatGPT, wanafunzi wana pia mashine za mazungumzo zinazosoma swali la maneno na kulieleza kwa aya. Mashine hizo hukosea, na hukosea kwa sauti ya kujiamini, lakini kwa maswali ya kitabuni hupatia mara nyingi kiasi cha kutosha.

Walimu wengi wameliona jambo hili kama tatizo la udanganyifu, na wanatafuta njia za kuwakamata. Kwa maoni yangu, tatizo la msingi ni la swali. Kazi ya nyumbani inayosema "tatua kwa x" imeisha thamani yake kama kipimo, sawasawa na kazi ya kuzidisha namba ndefu ilivyoisha vikokotoo vilipoingia mifukoni. Inaweza kubaki kama mazoezi ya mtu anayetaka kujizoeza, ila alama yake haituambii kitu.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema kazi ya mkono iondoke yote. Mtu asiyeweza kuona kwamba (1 + r)ⁿ lazima ikue kila n inapokua hawezi kugundua kuwa amebonyeza vibaya. Mtu asiyejua kuwa gawio la 72 kwa asilimia ya riba hukupa takriban muda wa deni kujirudia mara mbili, kwa asilimia 2 kwa mwezi ikiwa ni miezi 36, hana cha kulinganishia pale lahajedwali inapomwambia miezi 360. Kufungua mabano, kuhamisha herufi, kusoma umbo la mlinganyo kabla ya kuutatua: hayo yabaki, kwa maswali mafupi na mepesi. Kinachoweza kuondoka bila kuliliwa ni yale mazoezi arobaini ya kugawanya polinomia ndefu, ambayo hata wanaoyafundisha hawajayafanya nje ya darasa.

Vikwazo vya kweli ni vya kawaida sana. Si kila mwanafunzi ana kompyuta, ingawa lahajedwali hufanya kazi kwenye simu janja ya kawaida hata bila intaneti, na simu moja kwa wanafunzi watatu huzaa mabishano mazuri kuliko kila mtu na yake. Mwalimu naye anahitaji muda. Swali la mkopo lililoelezwa hapo juu linakula kipindi kizima na kugusa mistari, vipeo na grafu kwa pamoja, wakati mtaala umezipanga katika wiki tatu tofauti. Asiyepewa ruhusa ya kuvunja mpangilio huo atairudisha teknolojia kuwa pambo, hata akiwa na maabara nzima.

Na kuna mtihani. Wanafunzi husoma kinachotahiniwa, kwa hiyo mtihani ukibaki wa kalamu na majibu safi, kila kitu kilichosemwa hapa kitakuwa burudani ya katikati ya muhula. Njia inayofaa ni kuugawa. Sehemu ya kwanza ni fupi, haina kifaa chochote, na inapima yale machache ya mkono. Sehemu ya pili ina vifaa, au, pale ambapo vifaa havitoshi, ina karatasi iliyochapishwa yenye matokeo ya programu yakiwa tayari: nukta sita, kanuni tatu zilizokaa juu yake, na makadirio ya kila kanuni kwa mwaka ujao na kwa miaka hamsini ijayo. Mwanafunzi anaulizwa ni kanuni ipi angeitumia, kwa miaka ipi, na ni namba gani ndani yake ingemfanya aikatae. Majibu ya maswali hayo hayasahihishwi kwa kutazama mstari wa mwisho tu. Darasa la watu mia mbili litamchukua mwalimu siku kadhaa zaidi, na mara nyingi ni hapo, kwenye saa za kusahihisha, ndipo mageuzi ya aina hii hukwama.